Ikizima, Nani Ataifungua?

Asalaam alaykum kwa mlioko madukani hapa Bugarama, muraho kwa mlioko bondeni na maji ya mpunga yamewafika magotini, na ninyi wa ng'ambo ya mto, kule Kamanyola, ambao sauti yetu huwafikia bila kuonyesha kitambulisho mpakani, karibuni mkae.

Wiki iliyopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinikuta barazani nikinywa chai. Ana ghala dogo la mchele. Ananunua mpunga kwa wakulima wa bonde hili, anaukoboa, anauuza kwa magunia mpaka Kamembe. Hakukaa hata kitini. "Mjomba, nimeweka pesa kidogo, nataka laptopu ya kazi. Mpya kabisa, si ya kubahatisha. Ninunue gani?"

Nikamwuliza: "Ikizima saa nne asubuhi na wateja wamejipanga mlangoni, nani ataifungua?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya ng'ombe akaanza kuhadithiwa habari za daktari wa mifugo. Lakini sikuwa namkwepa. Swali lile nililinunua kwa bei kubwa, na leo nataka niwape ninyi bure.

Najua wako watakaosema, muuza mchele na kompyuta wapi na wapi? Kwa babu yetu ilitosha mizani na daftari. Sawa, lakini babu hakuwa na EBM. Mamlaka ya Mapato ilipoleta EBM mwaka 2013, ilikuwa kimashine cha kutoa risiti, na kiliwahusu waliosajiliwa kwa VAT. Baadaye kimashine kile kikageuka kuwa programu inayokaa ndani ya kompyuta. Mwaka 2020 likaja agizo kwamba hata ambaye hakusajiliwa kwa VAT naye atoe risiti hiyo. Na tangu 2024 mnunuzi mwenyewe ameingizwa mchezoni, maana akidai risiti ya EBM yenye VAT anarudishiwa asilimia 10 ya kodi aliyolipa. Kwa hiyo siku hizi anayekukumbusha risiti ni mteja, na anakukumbusha kwa sauti ili na wa nyuma yake wasikie.

Njia ya kutoa risiti kwa simu ipo, sikatai, na kwa anayeuza nyanya inamtosha. Mwenye aina tano za mchele, wateja wa jumla, madeni ya wakulima, mahesabu ya MoMo na barua za benki hawezi kuishi ndani ya kioo cha simu. Anahitaji meza, kibodi na printa. Kwake ile mashine ndiyo droo ya pesa. Ikifungwa, duka limefungwa.

Sasa niwaambie yaliyonipata.

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua, fotokopi, na kuwajazia watu maombi ya huduma za serikali kwenye Irembo. Wengine hukiita sekretaria. Mashine yangu ya kwanza ilipochoka nikasafiri hadi mji mmoja, nisiutaje, nikaingia duka moja, nalo nisilitaje. Muuzaji akanitolea boksi lililofungwa kwa plastiki. Ndani, laptopu inang'aa, juu ina karatasi laini ile ya kubandua, na pembeni pamebandikwa kibandiko: i7. "Hii i7 mzee, hakuna kubwa kuliko hii." Nikalipa bei ya mpya, nikarudi Bugarama nimeipakata mapajani kama mtoto anayetoka hospitali.

Mwezi wa tatu betri ikawa haimalizi barua mbili. Mwezi wa tano feni ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa. Mwezi wa sita, asubuhi moja, kijana mmoja amekuja nimchapie maombi ya kazi, siku ya mwisho ya kutuma maombi ndiyo hiyo, kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza, kimya. Nikachomoa chaja nikaichomeka tena, kimya. Kijana akatazama saa, akaniambia kwa adabu, "Baba, ngoja nijaribu kwa jirani." Alikwenda kwa jirani, na hakurudi tena. Wala wenzake.

Nikapanda Kamembe kwa fundi. Hata hakuiwasha. Aliipindua, akanionyesha vichwa vya skrubu, vimekwaruzwa. Akaifungua, vumbi la zamani lisilo la kwetu. Mashine ilikuwa imeshafanya kazi miaka na miaka ofisini kwa watu, ikasafishwa, ikavishwa ganda jipya, ikafungiwa boksi. Namba ya utambulisho iliyochapwa chini ya tumbo ilikuwa moja, na ile iliyoandikwa ndani, inayotokea ukiingia kwenye mipangilio kabla Windows haijaamka, ilikuwa nyingine. Mtu ana vitambulisho viwili, na mimi nimemlipia mahari ya bibi harusi.

Kibanda kilifungwa siku 9. Nikihesabu hasara sihesabu bei ya kifaa kilichoharibika, nahesabu zile siku 9. Ndiyo maana nikiulizwa "laptopu gani" huwa naanzia mwisho, siku itakayozima, halafu narudi nyuma mpaka siku ya kununua.

Kile kibandiko cha i7 nacho tukiseme, maana kimeumiza wengi. Katika majina ya Intel, i3, i5 na i7 ni cheo. Umri umeandikwa kwenye namba zinazofuata. Ile yangu ilikuwa i7-3520M: hiyo 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu, mwaka 2012. Ukiiweka karibu na i3-1215U, ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022, huyo mwenye cheo kidogo anamwacha mbali mwenye cheo kikubwa, na umeme anakula kidogo. Kwa hiyo muuzaji akikutajia cheo, mwulize umri. Kuanzia 2023 Intel wenyewe wamechanganya mambo zaidi, ile "i" wameanza kuiondoa na kuleta majina kama Core 5 na Core Ultra, na upande wa chini Celeron na Pentium wamezifuta jina. AMD nao wana Ryzen zao, nzuri tu, na hesabu zao za namba. Usijitie kuzikariri zote. Iandike namba nzima kwenye karatasi, itafute kwenye simu yako ukiwa bado hujatoa pesa, uone imetoka mwaka gani.

Umri huo una jambo jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na Windows 11 kwa mashine za Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiona kizazi cha sita au cha saba kinauzwa kwa bei ya kutupa, mkono wako usitangulie akili yako. Ofisi za Ulaya hazikuziachia mashine zile kwa ukarimu.

Sisemi mtumba ni haramu. Sisi tunauita chagua, na jina lenyewe linakuamuru. Mtumba unaojulikana ni mtumba, kwa bei ya mtumba, na fundi ameukagua, unaweza kukufaa kuliko kilicho kipya. Nilichouziwa mimi kilikuwa mtumba uliovaa shela.

Na upya wenyewe si dawa. Zipo laptopu mpya kabisa, boksi la kweli, dhamana ya kweli, ambazo sitamruhusu mpwa wangu azilete nyumbani. Utazijua kwa mambo mawili: RAM ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ya aina inayoitwa eMMC, ambayo imechomelewa kwenye ubao wa mashine, haitoki wala haiongezwi. Windows peke yake inakaa humo na watoto wake, nafasi inabaki ya kukaa upande. Siku sasisho kubwa linapokuja, halina pa kulala. Mashine inaanza kuburuta, na wewe unadhani ni virusi. Kwa duka, usishuke chini ya RAM ya GB 8, na uulize kama kuna mahali pa kuongeza nyingine. Hifadhi iwe SSD, GB 256 inatosha kwa hesabu na barua, labda uwe mpiga picha za harusi. Kuongeza RAM usikuahirishe sana, maana tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda dunia nzima. Makampuni ya akili unde yanainunua kwa ajili ya vituo vyao vya data kama wachuuzi wanavyonunua mchele kabla ya Ramadhani.

Haya, hayo ungeweza kuyasikia hata Kigali. Ya kwetu ndiyo haya yafuatayo.

Bugarama ni joto. Mto Rusizi hapa kwetu unapita kwenye mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari, ndipo mahali pa chini kuliko pote Rwanda. Kigali iko juu huko, mita 1,500 na zaidi, watu wanavaa masweta asubuhi. Sisi hata maji ya ardhini yanatoka yamechemshwa, kama mlivyowahi kuoga amashyuza. Sasa chukua kijitabu kinachokuja na laptopu, kile ambacho kila mtu anakiacha kwenye boksi. Kampuni nyingi zinaandika mle kwamba mashine itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Duka la bati, saa nane mchana, mwezi wa nane, mlango mmoja, magunia yamezuia dirisha: nani anathubutu kusema hapazidi?

Kinachoumia kwanza ni betri. Betri hizi za lithiamu zina maadui wawili, joto na kukaa zimejaa pomoni muda wote. Duka la Bugarama linaipa wote wawili: moto juu, na chaja imechomekwa kutoka asubuhi hadi kufunga. Mashine nyingi za sasa, Lenovo, HP, Dell, ASUS, zina mahali pa kuiamuru betri isijae kupita asilimia 80. Ukishanunua, jambo la kwanza mwambie fundi akuwekee. Utapoteza dakika chache za chaji na utapata miaka.

Na kabla hujanunua, chukueni kalamu, kuna kitu nataka mkiandike. Dukani, mashine ikiwashwa, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika herufi moja moja: p-o-w-e-r-c-f-g, acha nafasi, piga mkwaju, kisha b-a-t-t-e-r-y-r-e-p-o-r-t, zote pamoja. Bonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine itakuandikia ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Ifungue. Utakuta namba mbili zinafuatana: uwezo ambao betri ilizaliwa nao, na uwezo wa sasa ikijaa. Katika mashine mpya zinakaribia kulingana. Ukikuta ya kwanza ni 45,000 na ya pili ni 19,000, basi betri hiyo imeshaishi maisha mengine. Chini yake kuna hesabu ya mizunguko ya chaji. Mpya haiwezi kuwa na mizunguko 300, hata muuzaji aape kwa lolote. Yule muuzaji wangu angekataa kuiwasha, na hilo nalo lingekuwa jibu.

Vumbi. Mwenye ghala la mchele anajua pumba zile laini zinavyoelea, unaziona kwenye mwanga wa mlangoni. Feni ya laptopu inavuta hewa kutoka chini, na chini ndipo pumba hulala. Zinajisuka kwenye kile chuma chembamba cha kupoozea kama pamba masikioni. Mnakumbuka zile laptopu ndogo za wanafunzi, za kijani na nyeupe, zilizoanza kuletwa mashuleni Rwanda mwaka 2008? Watu walizicheka, kibodi ya mpira, kama mchezo wa watoto. Lakini waliozitengeneza waliwafikiria watoto wa mahali kama hapa. Hazikuwa na feni, kibodi ilizibwa vumbi lisipite, na kioo kilisomeka juani. Kile kikompyuta cha mtoto kiliijua Bugarama kuliko laptopu nyingi zinazouzwa leo kwa watu wazima. Mimi laptopu zangu huzipandisha juu ya vipande viwili vya mbao, hewa ipite, na mara mbili kwa mwaka fundi anazipuliza.

Umeme sitausemea mengi. Juu yetu kwenye mto Rusizi kuna bwawa la Ruzizi II tangu 1989, linagawia umeme nchi tatu, na bado mvua ikinguruma tunatafuta mishumaa. Hiyo ndiyo sababu nasema laptopu wala si kompyuta ya mezani: betri yake ni akiba tayari. Lakini plagi! Mashine nyingi zinazokuja kupitia Dubai zina plagi ya miguu mitatu ya bapa, ya Kiingereza. Ukuta wetu unataka miguu ya duara. Muuzaji anakuongezea kigeuzi cha bei ya pipi, kinalegea, kinatoa cheche, na unazoea kukikandamiza na kijiti. Nimeona duka limefanya hivyo mwaka mzima. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa akupe waya wenye plagi ya huku, sehemu ile ya waya hutoka kwenye chaja, haigharimu kitu. Na kama mashine inapokea chaji kwa tundu la USB-C, heri zaidi, maana chaja ikifa utapata nyingine ya wati 65 hata ya kampuni tofauti. Ya simu haitatosha, usihangaike nayo.

Niseme na kibodi, maana hapa nina ugomvi wangu binafsi. Mashine zinazotoka Ubelgiji na Ufaransa zina mpangilio wa AZERTY. Mwenye kuandika barua za Kifaransa atazipenda, herufi zenye alama juu ziko mkononi. Lakini zitazame tarakimu za safu ya juu: ili uandike 7 lazima ushikilie kitufe cha kupandishia. Kila tarakimu! Mfanyabiashara anaandika nini kutwa kama si tarakimu? Kilo 475, faranga 52,300, namba za simu. Kiswahili chetu hakivai kofia wala nukta juu ya herufi, na Kinyarwanda cha kila siku nacho vivyo hivyo, kwa hiyo hatuna deni na AZERTY. Chukua QWERTY. Ukipata yenye kile kisanduku cha tarakimu upande wa kulia, kumbatia, hata kama inaongeza uzito. Laptopu ya duka haiendi matembezini.

Sasa turudi kwenye swali la barazani. Nilimwambia mpwa wangu, kabla ya kwenda kwa muuzaji twende kwa fundi. Watu hufanya kinyume. Wanakwenda kwa muuzaji wakiwa na pesa na kwa fundi wakiwa na machozi.

Tukapanda Kamembe. Kibanda cha fundi yule ni kidogo, unaingia kwa ubavu. Mezani kulikuwa na laptopu sita zimefunguliwa matumbo, na kwenye rafu nyuma yake mlima wa mizoga. Nikamwambia mpwa wangu, usimwulize kitu kwanza, tazama ile mizoga. Ile ndiyo stoo ya vipuri ya wilaya nzima. Mashine yenye ndugu wengi kwenye rafu ile, ikivunjika bawaba au kibodi, itapata kiungo siku hiyo hiyo. Yenye jina zuri lakini haina ndugu pale, kipuri chake kitaagizwa, na wewe utasubiri.

Akahesabu. ThinkPad nyingi za Lenovo, Latitude kadhaa za Dell, EliteBook na ProBook za HP. Fundi akacheka, akasema hizo zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na maofisi hayapendi kusubiri. Ukitoa skrubu chache kifuniko cha chini kinafunguka, betri inatoka, na vitabu vya kuzifungua hatua kwa hatua Lenovo, Dell na HP wanaviweka wazi kwa kila mtu. Jina ThinkPad lilianzia IBM mwaka 1992, Lenovo wakalinunua pamoja na kazi yote ya kompyuta za IBM mwaka 2005, na fundi huyu anaapa hata leo kwamba kibodi zao hazina mpinzani. Hapo sikumbishia, nilikuja kwa jambo jingine. Kisha akatuonyesha moja nyembamba, nzuri kama kioo cha saluni. "Hii betri wameibandika kwa gundi. RAM imechomelewa. Mwenyewe aliinunua mpya kwa bei ya pikipiki. Nimemwambia aende nayo Kigali."

Aende Kigali. Hayo ni maneno mawili tu, lakini mnajua maana yake: asubuhi na mapema kwenye basi, msitu wa Nyungwe kona kwa kona, kulala kwa shemeji, kuacha mashine, kurudi, kusubiri simu. Ndiyo maana nikionyeshwa karatasi ya dhamana siulizi ni ya miaka mingapi. Nauliza ofisi iko wapi, na kama dhamana yenyewe inakubalika Rwanda au iliandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Dubai. Namba ya utambulisho ya mashine unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya kampuni ukiwa umesimama dukani, nayo itakuambia dhamana ilianza lini. Ikiwa ilianza miaka mitatu iliyopita, mrudishie mwenyewe boksi lake.

Basi tukaenda dukani na karatasi yetu ya mambo ya kukagua. Mpwa wangu ndiye aliyeongea, mimi nilisimama nyuma kama mshenga. Muuzaji akaanza wimbo wake, nyepesi, nyembamba, kioo cha rangi. Binti akamwambia, "Kaka, naomba uiwashe." Akafungua dirisha jeusi, akaandika ile amri, hakukosea hata herufi. Nilimwona muuzaji akikunja mikono. Ya kwanza ilikuwa nzuri lakini RAM haiongezeki, akaiacha. Ya pili namba za betri zililingana, mizunguko miwili tu, kizazi cha 13, GB 8 na nafasi ya kuongeza, QWERTY, kisanduku cha tarakimu kipo. Akauliza waya wa plagi ya duara. Muuzaji akasema hana. Mpwa wangu akaanza kukunja karatasi yake pole pole, akaitia mkobani. Waya ukapatikana.

Nikamkumbusha mambo mawili njiani. Windows ya wizi asiiweke, kwa sababu mashine ya duka ina siri za wateja ndani. Na kila Ijumaa jioni anakili hesabu zake kwenye diski ya nje, aiweke nyumbani, mbali na ghala. Laptopu inanunuliwa tena, daftari la madeni ya wakulima halinunuliwi.

Jana nilipita pale ghalani. Mashine iko juu ya vipande vya mbao, kama nilivyoelekeza, mbali na mlango, karibu na mizani. Anaandika risiti ya mama mmoja aliyebeba kilo 25, printa inaguna, kazi inakwenda. Ila juu ya kibodi, na kufunika matundu yote ya hewa ya pembeni, amelaza kitambaa cheupe cha kufuma, kile alichofumiwa na bibi yake, chenye maua pembeni, eti vumbi lisiingie. Nikamwambia mpwa wangu, kitoe hicho, mashine inapumua. Akakitoa, akakikunja, akakiweka juu ya gunia. Nilipofika barabarani nikageuka kutazama. Alikuwa anakirudisha.